Mlinda Lango Aliyepokewa na Adui Zake

Wazee walinena, Mtoto wa nyoka ni nyoka. Neno hili hutumika sana majumbani mwetu, na mara nyingi huwa hukumu: mtu akitoka katika ukoo uliotutenda vibaya, hatumwulizi yeye ni nani, maana twadhani tumekwisha kumjua. Basi tunawaletea wasomaji habari za mchezaji mmoja wa mpira wa miguu, ambaye mji mzima ulikuwa tayari kumhukumu hivyo.

Jina lake Bert Trautmann. Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Bremen, nchi ya Ujerumani. Tangu utoto alikuwa katika chama cha vijana wa Hitler, akakua akifundishwa kuwachukia Wayahudi. Vita vilipokuja alijitolea mwenyewe kuwa askari, akawa askari wa miavuli, akapigana Urusi na Ufaransa, hata akapewa nishani. Mwaka 1945 alishikwa na Waingereza, akapelekwa Uingereza kuwa mfungwa.

Huko kambini, karibu na Ashton-in-Makerfield, wafungwa walicheza mpira. Trautmann hakuwa mlinda lango hapo kwanza. Siku moja aliumia, akabadilishana nafasi na mwenzake aliyekuwa langoni, na tangu siku ile hakutoka tena. Wafungwa walipofunguliwa, mwaka 1948, yeye hakutaka kurudi kwao. Alibaki akifanya kazi, akichezea timu ndogo ya mji wa St Helens, na sifa zake zikaenea.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1949, timu kubwa ya Manchester City ikamwandika. Ndipo ghasia ilipoanza. Mji wa Manchester ulikuwa umepigwa mabomu na ndege za Wajerumani, na Wayahudi wengi walikaa humo. Watu wapata 20,000 waliandamana njiani kumkataa, na barua za hasira zikamiminika.

Katika mji ule alikuwako Alexander Altmann, mwalimu mkuu wa dini ya Wayahudi. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wameuawa na Wajerumani wakati wa vita. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kupaza sauti juu ya Trautmann, ni huyu. Naye akaandika barua katika gazeti, akasema kwamba si haki kumwadhibu mtu mmoja kwa maovu ya taifa lake. Kila mtu apimwe kwa matendo yake mwenyewe. Na Eric Westwood, nahodha wa timu, aliyepigana na Wajerumani huko Normandy, alimkaribisha mbele ya wenzake, akawaambia kwamba katika chumba chao hamna vita. Maneno ya watu hawa wawili yaliituliza sana ile hasira.

Lakini kazi yenyewe ilibaki kwa Trautmann. Mwezi wa Januari, mwaka 1950, timu yake ilikwenda London kucheza na Fulham. Watu walimzomea na kumtukana. Yeye hakujibu, akazidi kuokoa mipira. Timu yake ilifungwa bao moja tu, na mchezo ulipokwisha watu wale wale walisimama wakampigia makofi, na wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga kumpa heshima.

Tarehe 5 Mei, 1956, alicheza mchezo wa mwisho wa Kombe la Uingereza katika uwanja wa Wembley, juu ya Birmingham City. Zilipobaki dakika 17, alijitupa miguuni pa mshambulizi ili kuushika mpira, akagongwa shingoni. Siku zile hapakuwa na ruhusa ya kumwingiza mchezaji mwingine, naye akaendelea kwa maumivu makali hata mwisho, na timu yake ikashinda mabao 3 kwa 1. Siku chache baadaye picha ya mifupa ilionyesha kwamba shingo imevunjika. Mwaka uo huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Uingereza, mlinda lango wa kwanza kupewa heshima hiyo. Na mwaka uo huo mwanawe mdogo aligongwa na motokaa akafa.

Alirudi uwanjani, akaichezea Manchester City hata mwaka 1964, jumla michezo 545. Baadaye chama cha mpira cha Ujerumani kilimtuma kufundisha katika nchi nyingine, kama Burma, Liberia, Pakistan, na hata Tanzania. Mwaka 2004 alipewa nishani na Malkia wa Uingereza kwa sababu ya kupatanisha mataifa mawili. Alifariki huko Hispania mwezi wa Julai, 2013, mwenye umri wa miaka 89.

Wazazi na walimu, angalieni jambo hili. Altmann hakusema kwamba maovu ya Wajerumani ni madogo, wala hakuagiza yasahauliwe. Alikataa tu kumtwika mtu mmoja mzigo wa wote. Kama angalinyamaza, Trautmann yamkini angalifukuzwa kabla hajaonyesha alivyo. Shuleni mwetu wako watoto ambao baba zao wana sifa mbaya, na vijijini wako wageni ambao babu zao walipigana na babu zetu. Hao nao wangoja mtu mmoja wa kuwanenea.