Skrini ya Linux Imekuwa Finyu? Usikimbilie Kununua Kioo

Kabla hujatoa hata shilingi moja dukani, jua hili: Linux uliyoiweka ndani ya Windows ikifunguka kama kidirisha kidogo katikati ya skrini, kioo chako ni kizima. Kadi ya video nayo haijafa. Kinachokosekana ni programu ndogo ya bure. Anayekushauri ununue monita au ubadilishe kioo anakuuzia dawa ya ugonjwa usio wako.

Nawaandikia hasa wanafunzi na vijana wa Bukoba na Muleba wenye laptop moja tu. Windows haitoki, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi za watu na kuingiza hela. Linux nayo inatakiwa kwa masomo. Ndiyo maana mtu huweka kompyuta pepe, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows kwa programu kama VirtualBox.

Kompyuta pepe mpya mara nyingi hufunguka kwa pikseli 800 kwa 600. Laptop nyingi za bei ya chini zina kioo cha 1366 kwa 768. Kwa hiyo unatumia chini ya nusu ya kioo ulichokilipia, na vitufe vya chini ya madirisha hujificha usivione.

Anza na njia isiyo na gharama kabisa. Kwenye VirtualBox, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na C. Picha itavutwa ijaze dirisha. Herufi zitakuwa na ukungu na macho yatachoka, lakini kama kazi inatakiwa leo jioni, inatosha. Kwa kusoma muhula mzima haifai.

Tiba ya kudumu inaitwa Guest Additions. Kwa mwenye Windows, faili lake lilishakuja pamoja na VirtualBox, kwa hiyo usilipakue tena wala usikubali kuuziwa kwenye flashi. Tatizo ni kwamba ukitumia faili hilo, Linux itahitaji pia vifaa vya kuliunda, na hivyo hupakuliwa kwa bando lako. Kwenye Ubuntu kuna njia ya mkato. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika sudo apt update, kisha sudo apt install virtualbox-guest-x11. Zima kompyuta pepe, ingia kwenye mipangilio yake ya Display, chagua VMSVGA na upandishe kumbukumbu ya video hadi MB 128. Iwashe, kisha kwenye menyu ya View weka tiki penye Auto-resize Guest Display.

Anayetumia VMware badala ya VirtualBox aweke open-vm-tools-desktop. Na mtu asikuuzie “ufunguo” wa VMware Workstation Pro: imekuwa bure kwa matumizi binafsi tangu Mei 2024, na kwa wote tangu Novemba mwaka huohuo. Kwa VirtualBox, jihadhari na Extension Pack. Haihusiki na ukubwa wa skrini, na ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo tu. Ofisi inayoitumia kwa biashara inatakiwa kulipia leseni.

Sasa gharama iliyojificha, na hii ndiyo inayowaumiza wengi: bando. Unapotumia hotspoti ya simu, unaweza kuiambia Windows kwamba intaneti hii ina kikomo, nayo ikajizuia. Linux iliyo ndani haijui. Yenyewe inaona waya wa mtandao, inaamini data haina mwisho, na inaanza kujisasisha kimyakimya. Firefox ya Ubuntu peke yake ikijisasisha inaweza kula zaidi ya MB 100. Ingia Settings, sehemu ya Network, fungua maelezo ya Wired na uwashe Metered connection. Kisha andika sudo snap refresh --hold. Fanya haya kabla ya lile la skrini.

Fundi je? Kama amri zinakutisha, mlipe, lakini mpatane bei kabla hajagusa kitu. Muulize atatumia bando la nani, na umkataze kuendesha apt upgrade kwenye bando lako; kwa kazi hii haihitajiki. Jambo jingine: Linux ikibadilisha kerneli (kiini chake) baadaye, skrini inaweza kurudi kuwa ndogo. Asipokuandikia amri alizotumia, utamlipa tena kwa kazi ileile.

Kwa aliye Muleba, hesabu ni nyepesi zaidi. Bukoba iko zaidi ya kilomita 60, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya bando linalohitajika, bado hujala na siku imekwisha. Afadhali kaa nyumbani umpigie anayejua, akusomee amri mojamoja. Chaji betri kwanza, ili umeme ukikatika usikwame katikati ya kazi.

Mwenye laptop ya RAM GB 4 nitamwambia ukweli ingawa hautampendeza: hata skrini ikinyooka, Ubuntu ndani ya Windows itakwama. Kama somo lako ni la amri tu, tumia WSL, njia ya Windows yenyewe ya kuendesha Linux, iliyo bure kwenye Windows 10 toleo la 2004 na yaliyofuata. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika wsl --install. Itapakua mamia ya MB, basi tafuta Wi-Fi ya chuo. Hapo shida ya skrini haipo kabisa. Ukihitaji Linux yenye madirisha, omba rafiki akunakilie Lubuntu kwenye flashi ya GB 8; kunakili ni halali. Iendeshe kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, maana kosa moja wakati wa kusakinisha linaweza kufuta kila kitu.

Kama una hela ya kitu kimoja tu, basi nunua RAM, si monita. RAM iliyotumika haichakai upesi kama betri, kwa hiyo ya mtumba inafaa. Nenda na laptop yenyewe, kwa sababu DDR3 haiingii pa DDR4 na baadhi ya mashine RAM yake imechomelewa, haibadiliki. Ifungwe na kuwashwa mbele yako, udai risiti ya EFD, na muda wa garantii uandikwe kabla hujatoa hela.