Swichi ya mtandao: Mlango ambao hoteli hazifai kuacha wazi

MGENI anayewasili hotelini Diani, Kaunti ya Kwale, huomba vitu viwili: ufunguo wa chumba na neno la siri la intaneti. Ufunguo humfungulia chumba kimoja tu. Neno la siri, mtandao usipopangwa vyema, laweza kumfikisha hadi ofisi ya malipo.

Kifaa kinachoamua hilo ni swichi, kisanduku kinachounganisha tarakilishi za mapokezi, kamera za ulinzi na mitambo ya Wi-Fi. Fundi aliye Mombasa halazimiki kuvuka Likoni ili kuirekebisha. Huingia akiwa huko huko. Lakini njia apitayo fundi, mhalifu pia aweza kuipita, akakatiza huduma au kunasa mawasiliano. Katika hospitali, iwe Kwale au Msambweni, hitilafu kama hiyo yaweza kuchelewesha majibu ya maabara.

Mnamo 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi ulimwenguni kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kubadilisha neno hilo. Ya pili ni kuzima Telnet, ambayo hupitisha neno la siri likiwa wazi, na kutumia SSH, iliyobuniwa Ufini mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen, ambayo hulificha.

Ya tatu ni orodha ya ruhusa. Swichi huelezwa anwani za tarakilishi zinazokubaliwa. Nyinginezo hukataliwa hata zikiwa na neno sahihi. Wageni nao hutengewa mtandao wao.

Hapa panahitaji uangalifu. Swichi nyingi za Cisco zina njia 16 za kuingilia kutoka mbali, nambari 0 hadi 15. Kuwekea orodha tano za kwanza pekee ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Aidha, fundi asihifadhi mabadiliko kabla ya kujaribu kuingia upya huku akiwa bado ndani. Akikosea tarakimu moja ya anwani yake, atajifungia nje, na itambidi asafiri hadi Diani akiwa na waya mkononi.

Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni iliwawekea wanaoingilia mitambo bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hata hivyo, sheria humwandama mwizi akishaiba. Kufunga mlango ni jukumu la mwenye nyumba.