Trekta la bustani likigoma kuwaka, betri si mtuhumiwa pekee

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa matrekta madogo ya bustani hukimbilia dukani kununua betri mpya mara tu mashine inapogoma kuwaka. Siku chache baadaye tatizo hurejea, wakati fedha zimekwishatumika.

Kwa matrekta ya zamani, hasa yaliyotengenezwa Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 1960, na ambayo bado hukata majani katika viwanja vya shule, hoteli na nyumba zenye maeneo makubwa, betri ni mtuhumiwa mmoja tu kati ya wengi. Mara nyingi chanzo ni kutu, waya uliolegea au swichi iliyochoka, vitu ambavyo gharama ya kuvirekebisha ni ndogo kuliko bei ya betri.

Siri ya kulipata tatizo ni kuufuata umeme hatua kwa hatua, kuanzia unakotoka hadi unakokwenda, badala ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Betri ipimwe kwanza

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6 kwenye kipima umeme. Ikisoma 12.2, imebaki na karibu nusu ya chaji yake. Ikiwa chini ya volti 12, ichajiwe kabla ya kipimo kingine chochote kufanyika.

Hata hivyo, betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia, kisha ikaanguka inapotakiwa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, ipimwe pia wakati ufunguo umezungushwa na stata inajaribu kuzungusha injini. Ikishuka chini ya takriban volti 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, hapo kuna sababu ya kuitilia shaka.

Tahadhari ni muhimu. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Moto na sigara viwekwe mbali, na wakati wa kuitoa betri, waya wa hasi ufunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho.

Sauti hueleza mengi

Ufunguo unapozungushwa, mwenye trekta anapaswa kusikiliza. Mlio wa haraka unaojirudia huashiria betri dhaifu au viunganishi vilivyolegea. Mlio mmoja pekee, bila stata kuzunguka, huelekeza kwenye nyaya nene, stata yenyewe au solenoidi, yaani swichi inayopitisha umeme mwingi kwenda kwenye stata.

Kimya kabisa kina maana nyingine. Huenda umeme haufiki kwenye solenoidi, hivyo fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi za usalama zikaguliwe. Taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha: waya mmoja uguswe kwenye chuma kisafi cha bodi, wa pili kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, kisha ufunguo uzungushwe. Taa ikiwaka, solenoidi au ethi yake ndiyo yenye kasoro. Isipowaka, tatizo liko nyuma, kuelekea kwenye ufunguo.

Ethi, adui aliyejificha

Umeme ukishafanya kazi hurudi kwenye betri kupitia bodi ya chuma. Katika trekta lililokaa miaka mingi kwenye unyevu, kutu na rangi huziba njia hiyo.

Kuipima ni rahisi. Gia ikiwa huru, ncha moja ya kipima umeme iwekwe kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu mwingine azungushe ufunguo. Kipimo kikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Dawa yake ni kufungua kiunganishi, kukisugua kwa msasa hadi king'ae, na kukikaza upya.

Stata inazunguka, injini haiwaki

Injini nyingi za aina hii hutumia magneto, ambayo hutengeneza cheche bila kutegemea betri. Huzimwa kwa kuunganisha waya mmoja na bodi. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, plagi haitoi cheche hata kama kila kitu kingine ni kizima. Umeme wa betri usipelekwe kamwe kwenye magneto, kwani utaiunguza.

Chaji nayo ikaguliwe

Injini ikiwa inazunguka kwa kasi, betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12.6 au kushuka, haichajiwi. Ikizidi 15, kirekebisha chaji kimeharibika na betri itachemka.

Baadhi ya matrekta ya miaka ya 1960, yakiwamo Cub Cadet ya kampuni ya International Harvester ya Marekani, hutumia kifaa kimoja kinachowasha injini na kisha kuchaji betri. Kwa kuwa kinaendeshwa kwa mkanda, mkanda uliolegea pekee unaweza kuleta matatizo yote mawili.

Swichi za usalama zisirukwe

Swichi za kiti, klachi na visu huzuia injini kuwaka, au huizima, iwapo dereva hayupo mahali pake. Zikichoka, wapo wanaoziunganisha moja kwa moja ili trekta liwake. Hilo ni hatari kubwa: dereva akianguka, visu huendelea kuzunguka, na trekta lililo kwenye gia huweza kumrukia anayeliwasha akiwa amesimama pembeni. Swichi mbovu ibadilishwe, isirukwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kusafisha vichwa vya betri, kukaza ethi na kukagua nyaya zilizotafunwa na panya kila baada ya miezi michache huchukua chini ya saa moja, na huenda kukamwepusha mmiliki na gharama ya betri ambayo hakuihitaji.