Mafuriko Hayabebi Maji Tu

Mvua ikinyesha Mabalako, magharibi ya mji wa Beni, maji yanayopita kando ya mashamba ya kakao huelekea mto Ituri, kisha mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Ikinyesha Ruwenzori, mashariki ya mji wa Beni, maji huteremkia Semliki na kwenda zake Nile. Mito ya mlima huo ndiyo iliyowafundisha wanajiolojia mengi juu ya mafuriko.

Tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba ulifurika upande wa Uganda, ukaivamia Kilembe na mji wa Kasese. Mwaka 2016, Liesbet Jacobs, mtafiti aliyekuwa akisomea uzamivu Ubelgiji, alichapisha na wenzake uchunguzi wa tukio hilo. Mvua ilichangia, lakini chanzo hakikuwa hiyo peke yake: mnamo Februari 2012 moto ulikuwa umeteketeza uoto wa bonde la juu, na miteremko ikaporomokea mtoni.

Mto uliojaa hivyo una nguvu ya kutisha. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka hadi mara 64. Yakifika tambarare huchoka, yakatua mzigo: majabali kwanza, kisha changarawe, mchanga, na mwisho tope. Mtafiti huchimba ukingo na kupima tabaka hizo moja baada ya nyingine. Akikuta mawe bapa yaliyolaliana kama vigae, hutazama yameinamia wapi, kwa kuwa huinamia upande maji yalikotoka. Hata mto uliohama miaka mingi iliyopita hujulikana njia yake.

Mei 2020 Nyamwamba ulirudi, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Siku hizo Lhubiriha nao ulifurika, mto ambao wafanyabiashara wa Butembo huuvuka Kasindi wakienda Uganda.

Kwangu mimi, tambarare yenye mawe ya mviringo chini ya mlima ni mali ya mto, hata kama haujafika hapo tangu babu zetu. Wanafunzi wa jiolojia wa Butembo na Beni, mito ya upande wetu wa Kongo inawasubiri: pimeni mawe yake, waulizeni wazee maji yaliwahi kufika wapi, mkayaandike. Nawe unayetafuta kiwanja bondeni, kabla ya kutoa pesa, chimba kidogo uone kilichozikwa chini.