Biskuti za Mbwa Kutoka Jiko la Nyumbani

Mbwa ni mnyama wa ukoo mmoja na mbwamwitu, na meno yake kwa asili ni ya kurarua nyama. Hata hivyo, maelfu ya miaka aliyoishi karibu na binadamu, akiokota makombo ya nafaka pembezoni mwa makazi, yamelibadilisha tumbo lake kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature, uliolinganisha jeni za wanyama hao wawili, ulionyesha kuwa mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza amilesi ya kongosho, yaani kimeng'enya kinachovunjavunja wanga ili mwili upate kuutumia. Ndiyo sababu mbwa wa ulinzi katika Afrika Mashariki huweza kulishwa ugali wa dona kwa dagaa na akalinda boma usiku kucha, na ndiyo sababu biskuti ya ngano si chakula kigeni kwake, mradi mwokaji ajue cha kutia, cha kuacha na kiasi cha kutoa.

Biskuti ya mbwa ya kuuzwa dukani ilianza London katika miaka ya 1860, pale James Spratt, mfanyabiashara kutoka Marekani, alipotengeneza mikate mikavu ya ngano, mboga na mabaki ya nyama, na kuwauzia matajiri waliofuga mbwa wa kuwindia. Tangu hapo kitafunwa cha mbwa kimekuwa bidhaa ya viwanda, lakini mahitaji yake yote yamo katika jiko la kawaida. Kitafunwa, kwa maana inayotumika hapa, ni kitu kidogo anachopewa mbwa nje ya mlo wake, aghalabu kama tuzo anapofundishwa kukaa, kuja anapoitwa au kunyamaza.

Kwa kuwa ni tuzo na si mlo, kitafunwa kina mpaka wake. Wataalamu wa lishe ya wanyama hushauri kuwa kisizidi asilimia 10 ya nishati anayohitaji mbwa kwa siku, nishati ambayo hupimwa kwa kilokalori. Mbwa mzima wa kilo 10, aliyehasiwa na asiye na kazi nzito, huhitaji kilokalori 600 hivi kwa siku, kwa hiyo fungu la vitafunwa vyake ni kilokalori 60 tu. Biskuti za nyumbani hazina uwiano kamili wa protini, vitamini na madini kama kalsiamu na fosforasi. Zikizidi, ama mbwa huacha mlo wake wa kweli, ama hula vyote viwili akanenepa, na unene huelemea moyo na viungo vya miguu.

Kwa biskuti ndogo zipatazo 60 huhitajika gramu 250 za unga wa ngano usiokobolewa, ule uuzwao madukani kwa jina la atta, gramu 200 za viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, vikamenywa na kupondwa, yai moja, na gramu 30 za dagaa wakavu waliosagwa. Mchanganyiko huo una takriban kilokalori 1,200, maana yake kila biskuti ina 20, na mbwa wa kilo 10 aliyetajwa hutosheka na tatu kwa siku. Sukari, chumvi na hamira hazitiwi kabisa, na mafuta hayana haja kwa kuwa dagaa na yai vina mafuta yao.

Dagaa ndio wanaoipa biskuti harufu inayomvuta mbwa, na ndio wanaohitaji uangalifu zaidi. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena, kwa kawaida hukaushwa juani bila chumvi, lakini walioanikwa chini hubeba mchanga; huoshwa maji mawili matatu, wakakaangwa bila mafuta hadi wakauke tena, ndipo wakasagwa. Dagaa wa baharini, hasa wale wa Zanzibar ambao huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hawafai kwa kazi hii.

Unga hukandwa hadi ushikamane bila kunata mikononi, na ukiwa mkavu huongezwa maji kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa viazi havilingani kwa majimaji. Donge husukumwa kama la chapati, ila liwe nene kiasi cha nusu sentimita, kisha hukatwa vipande kwa kisu na kuokwa katika nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 25 hivi. Asiye na oveni hutumia sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, moto mdogo chini na makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko, kama keki za nyumbani zinavyookwa.

Kazi haiishii hapo. Neno biskuti, ambalo asili yake ni Kilatini, lilimaanisha kitu kilichopikwa mara mbili, na mara hiyo ya pili ni ya kukausha: biskuti hurudishwa katika oveni yenye nyuzi 100 kwa muda wa saa moja, au huachwa ndani ya oveni iliyozimwa hadi ipoe. Iliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio, na katikati haina unyevu; hiyo hukaa wiki kadhaa katika kopo lenye mfuniko wa kubana, ilhali iliyobaki laini huwekwa kwenye friji na kumalizwa ndani ya siku nne.

Usalama wa biskuti hutokana zaidi na kile kilichoachwa nje. Zailitoli, aina ya sukari mbadala inayotiwa katika bazoka, dawa za meno na baadhi ya siagi za karanga, huchochea kongosho la mbwa kumwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka, na ini nalo huweza kuharibika. Chokoleti na kakao zina theobromini, kichangamshi ambacho mwili wa mbwa hukiondoa polepole mno, kikaufanya moyo kwenda mbio. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vilivyopikwa au kusagwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Makadamia, zao linalositawi Murang'a, Embu na Meru, hudhoofisha miguu ya nyuma na kuleta mtetemeko. Donge bichi lenye hamira huumuka tumboni na kutoa kileo.

Hatari moja zaidi haionekani kwa macho, nayo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu waotao katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Joto la oveni haliiondoi kikamilifu. Kwa hiyo desturi ya kumwachia mbwa mahindi yaliyoota kuvu, kwa hoja kwamba hayafai kwa watu, ni desturi ya kumpa sumu, na unga usiofaa kwa uji wa mtoto haufai kwa biskuti ya mbwa.

Katika kulisha, bakuli la mbwa litengwe na vyombo vya familia, jambo ambalo ni la usafi kwa kila nyumba na ni la kisheria kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao huosha chombo kilichorambwa na mbwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Biskuti mpya ijaribiwe kwa kipande kidogo kwanza, kwa kuwa wapo mbwa ambao ngano au mayai huwasababishia mwasho wa ngozi au kuhara, na mbwa mwenye kisukari, ugonjwa wa kongosho au wa figo asipewe kabla daktari wa mifugo hajaulizwa. Endapo mbwa amekula kitu chochote kati ya vilivyokatazwa hapo juu, mwenye mbwa asisubiri dalili. Ampeleke kwa daktari mara moja, na aichukue pakiti ya kitu hicho, kwa sababu matibabu hutegemea kujua ni nini kilicholiwa, kiasi gani na saa ngapi.