Usikwangue karatasi za ukutani zikiwa kavu

Msomaji, iwapo unanuia kubandua karatasi kuukuu za ukutani ili upake rangi, tafadhali usizikwangue zikiwa kavu. Nyuma yake huenda kukawa na kuvu, na vumbi la kuvu huchochea pumu. Hatari kubwa zaidi ni rangi ya zamani iliyo chini yake. Katika nyumba za miaka mingi, huenda ina madini ya risasi, yale yanayotumiwa katika betri za magari.

Mtoto mdogo hutambaa sakafuni na kutia vidole kinywani. Mwili wake waweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya ule wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo hata kabla ya dalili kuonekana. Madhara hayo dawa haiyaondoi.

Kwanza, watoto na wajawazito waondoke. Zima umeme wa chumba hicho, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, kisha lowesha karatasi kwa maji ya vuguvugu. Ngoja zilainike ndipo uzibandue taratibu. Rangi ya chini usiipige msasa. Ukimaliza usifagie, bali pangusa kwa kitambaa chenye maji. Je, vumbi lilikwisha kutapakaa? Mpeleke mtoto hospitalini apimwe damu.