Somo la Redio: Mvua, Nyasi na Udongo wa Ufipa

Natumaini mmekwisha kaa, na daftari ziko tayari. Leo tutasoma habari za udongo.

Wewe ukaaye Sumbawanga unakaa mahali pa juu sana, yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki nchi inakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Chini yake, yapata mita 1,000, liko Ziwa Rukwa. Itazame ramani. Mito inaingia ziwani, lakini hakuna hata mmoja utokao. Basi udongo wa shamba ukichukuliwa na maji hadi Rukwa, hubaki huko. Ziwa lile si la kina kirefu. Tope likizidi, maji hutanda mbali, na wavuvi hupata hasara.

Kwa nini udongo unaondoka? Tone la mvua likianguka juu ya nyasi, hupungua nguvu na maji huingia ardhini polepole. Likianguka juu ya ardhi tupu, huupiga udongo na kuuvunja, maji yakaenda nao. Mwaka huu utaona mfereji mdogo. Usipoangalia, baadaye utakuwa korongo.

Tena hewa ya dunia imezidi joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Hewa ya joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa kuliko zamani.

Sikiliza habari za kisiwa cha Madagaska, ambacho watu wa pwani walikiita Bukini. Kisiwa hicho hupigwa na vimbunga mara kwa mara. Mwaka 2022 kimbunga Batsirai kiliua watu zaidi ya 100. Katika nyanda zake za juu, sehemu nyingi hazina miti, na vilima vimechimbika makorongo. Mto Betsiboka huchukua udongo mwekundu mpaka baharini. Mkulima wa huko hawezi kukizuia kimbunga, lakini ardhi iliyo tupu humzidishia msiba.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Ufipa waliishi katika nchi ya nyasi, yenye miti michache, nao walikuwa na dawa yao: ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akayapindua na kufanya vituta vya mviringo. Nyasi zilizofukiwa huoza, zikawa mbolea. Juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata vituta husambazwa, na ulezi hupandwa.

Je, umeona hatari? Moto ukiteketeza nyasi, au ng'ombe wakizila zote, huna cha kufukia. Kwa hiyo usichome moto ovyo. Lima kwa kukingama mteremko, wala usilime kufuata mteremko. Acha nyasi na miti kandokando ya mto. Shamba lako ni akiba ya wajukuu wako.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini udongo uingiao Ziwa Rukwa hautoki?
2. Ntumba hulishaje ardhi?
3. Katika kijiji chako, korongo lipi limekua tangu ulipokuwa mtoto? Mtafanya nini pamoja?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.